Vidole Vitano kwa Njiwa Mmoja

Rushdi Abu Shanab alikuwa amefikisha miaka sitini na saba bila kuogopa kitu chochote isipokuwa ulimi wa mkewe, na hata huo alikwisha kuuzoea. Arobaini katika miaka hiyo aliimaliza chini ya mashine za kufuma pamba pale mjini Mahalla, akizitengeneza kwa spana na kwa matusi. Iliyobaki alikuwa akiimaliza juu ya paa la nyumba yake, mtaa wa Sabbaghin, kati ya njiwa. Jioni alikuwa mkahawani akisimulia. Samaki wa mfereji akipita katika mdomo wa Rushdi alitoka nyangumi, na mbwa aliyembwekea alitoka simba, mwenye mashahidi watatu, wote marehemu.

Jumanne hiyo, saa mbili asubuhi, alikamatwa kwa kuiba njiwa.

Njiwa mwenyewe aliitwa Sukkara, jike jeupe lenye kola ya kahawia, na Rushdi ndiye aliyemlea tangu yai. Jumatatu alasiri alifuata kundi la Haji Sirgani, jirani wa nyumba ya tatu, akatua kwenye paa la Haji na kunaswa wavuni. Kwa watu wa njiwa shauri huishia hapo. Njiwa aliyetua kwa mwenzio ni wa mwenzio. Humdai, hununi, husemi neno, na atakayekwenda kumlilia njiwa wake kwenye paa la mtu atachekwa mpaka auze banda. Rushdi mwenyewe alikuwa na njiwa kumi na saba waliowahi kuwa wa Haji.

Lakini Sukkara alikuwa ameacha mayai mawili ya siku kumi na moja. Mchana hulalia dume, usiku hulalia jike, na dume lile lilipoona jua limetua na mwenzake harudi, lilinyanyuka likaenda kulala zake juu ya boriti. Mama Safwat, mkewe Rushdi, akayatia mayai ndani ya soksi ya sufi, akayaweka karibu na jiko, akakaa nayo mpaka alfajiri.

"Baba Safwat," alimwambia mumewe kulipokucha, "mimi nimezaa mara nne na sijakeshea mtoto hivi. Ama umlete mama yao, ama uyalalie wewe."

Akaenda. Na alichofanya, bila mapambo, ni hiki: aliingia kwa mlango. Haji alikuwa akirusha njiwa wake, na saa hiyo mlango wa ngazi ya mfuga njiwa yeyote huwa wazi, maana watu hupanda kutazama, kutoa ushauri na kunywa chai ya mwenyewe. Jua lilikwisha kupanda. Rafiki yake Tulba, aliyefanya naye kazi miaka yote ile, alibaki chini barabarani na bakuli la maharage ya kifungua kinywa, kwa sababu goti lake la kushoto halikubali ngazi. Rushdi akapanda ghorofa tano, akamkuta Haji amempa mgongo anapunga bendera ya kuwaongoza njiwa, akafungua tundu, akamtia Sukkara kifuani ndani ya kanzu, akashuka. Kwenye ghorofa ya pili mti wa bendera ukamfikia kisogoni. Haji alikuwa ameshuka mbio, mkono mmoja ameshika mti na mwingine ameshika kifua, akiita mwizi kwa pumzi aliyobakiwa nayo. Watu wakajaa. Askari wawili waliokuwa wakinunua mkate pembeni wakaja na mikate yao.

Mpaka hapo hofu ilikuwa haijamgusa Rushdi. Kilichomgusa kituoni kilikuwa kingine kabisa.

"Mzee mzima," alisema Afisa Wagdi, kijana mnene mwenye saa kubwa, "mvi zote hizi, unaiba kuku?"

"Njiwa."

"Kuku mwembamba." Askari wakacheka. Mmoja akakatiza kicheko akauliza kama alikuwa na mpango wa kuiba na mchele wa kumjazia tumboni. "Mwandikeni," Wagdi alisema, "mwizi mdogo wa ndege. Jina, umri, na kama bado ana meno."

Rushdi alikuwa amevumilia mashine, wasimamizi na mabomu ya vita viwili. Hakuvumilia neno lile, mdogo. Miaka arobaini mkahawani hakuna aliyemwita mdogo katika hadithi yoyote, hata zile ambazo ndani yake alikuwa mtoto.

"Mwizi mdogo?" alisema. "Bwana afisa, kaa nikusimulie."

Kwanza akausogeza wakati. Akasema ilikuwa usiku, kabla ya adhana ya alfajiri, mwezi umezama na mbwa wamelala. Kisha akaona kuingia kwa mlango kunamshusha hadhi, akajirusha kutoka paa hadi paa, juu ya kichochoro cha mita nne, kanzu ameiuma kwa meno. Peke yake ilikuwa haipendezi, basi akamrusha na Tulba, goti na yote. Wawili nao wakaonekana wachache, akaongeza wawili wengine, "ambao majina yao hata mkinichuna ngozi sisemi." Wagdi hakucheka tena. Alivuta kiti. Akaagiza chai. Rushdi alipofika kwenye kisu, ambacho alikipa urefu wa mkono mpaka kiwiko, Wagdi mwenyewe alimwashia sigara.

"Endelea, Ami Rushdi," alisema, na kalamu yake ilikuwa ikikimbia. "Haji akafanyaje?"

"Nikamwekea shingoni. Nikamwambia: neno moja, Haji, na njiwa wako wataamka mayatima."

"Na huyo njiwa ni wa nani?"

"Wa Haji," alisema Rushdi, na hilo tu ndilo lililokuwa kweli katika kurasa tano, kwa sheria ya mapaani. "Alitua kwake."

Wagdi akamsogezea karatasi, Rushdi akatia saini kila ukurasa kwa mwandiko mzuri. Walimshika mkono kwa heshima mpaka mlango wa mahabusu. Ulipofungwa nyuma yake alikuta Tulba amekwisha kuwekwa humo, amechukuliwa na bakuli lake, na maharage yamemkauka kwenye sharubu.

"Rushdi," alisema Tulba. "Wanasema niliruka kichochoro."

"Uliruka vizuri sana."

"Miaka sita sijaruka mfereji wa maji machafu."

Katika chumba hicho kulikuwa na blanketi moja, na juu yake alikaa mtu mkavu, mrefu, aliyenyoa kichwa, ambaye wengine walimwita Ustadhi Sunbati. Alikuwa ameingia na kutoka humo miaka thelathini, na vifungu vya sheria alivijua kama wengine wanavyojua majina ya watoto wao. Kila aliyetupwa ndani alipita kwanza kwake, akasikilizwa, akapangwa.

"Sheria yetu ni nyumba ya ghorofa tatu," alikuwa akimweleza muuza mkate aliyeletwa kwa kuweka mkokoteni kwenye njia ya miguu. "Ya chini ni ukiukaji. Wewe uko hapo. Utalipa faini, utakwenda kula mchana kwenu. Ya kati ni makosa madogo, siku moja hadi miaka mitatu. Huyu aliyemzaba shemeji yake kofi yuko hapo, na shemeji akikubali kuombwa radhi, anatoka kabla kofi halijapoa. Ya juu ni jinai nzito. Huko hakuna kuombana radhi. Huko serikali ndiyo iliyopigwa kofi." Akamgeukia Rushdi. "Na wewe, Ami?"

"Njiwa," alisema Rushdi.

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Ghorofa ya kati, karibu na ngazi. Unaona chini kutoka hapo. Umewaambia nini?"

Rushdi akamwambia, kwa fahari iliyobaki. Alipotaja usiku, Sunbati aliinua kidole gumba. Alipotaja Tulba na wale wawili, kikainuka cha pili. Kisu kikainua cha tatu. Kichochoro na paa, cha nne. Sunbati aliinua tu, polepole, kama mtu anayehesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa. Rushdi alipofika kwenye shingo ya Haji sauti yake ilikuwa imeanza kupungua yenyewe.

Kidole cha tano kikasimama. Chumba kizima kiliutazama ule mkono.

"Usiku," alisema Sunbati. "Zaidi ya mtu mmoja. Silaha. Kupandia paa la nyumba inayokaliwa. Kutishia kwa silaha. Kimoja kikiwa peke yake, mtu anapumua. Viwili, anakohoa. Vikikutana vitano katika wizi mmoja, Ami, hawaulizi umeiba nini. Uwe umeiba benki, uwe umeiba unyoya. Ni ghorofa ya juu, chumba cha maisha."

"Maisha ya nani?"

"Yako. Miaka ishirini na mitano."

Rushdi akapiga hesabu. Angetoka na miaka tisini na miwili, kama angetoka wima. Na kilichomvunja hakikuwa miaka. Sunbati alikuwa ameinuka, amekung'uta blanketi lake, na sasa alikuwa akimtandikia yeye pembe nzuri, mbali na ndoo.

"Kaa, Ami," alisema kwa upole. "Wewe unalihitaji zaidi."

Hakuna mtu aliyewahi kumtisha Rushdi kwa upole. Alikaa. Meno yake yalikuwa yakigongana, na alipoyashika kwa mkono ukaanza mkono.

"Mimi je?" aliuliza Tulba.

"Aliyefuatana naye ni kama yeye," alisema Sunbati. "Sogea, blanketi linatosha wawili."

Baadaye, kwa kumfariji, Sunbati alimweleza kuwa juu ya chumba cha maisha kipo kingine kimoja tu, cha mwisho, cha kitanzi, ambacho faili lake hupelekwa kwa Mufti kabla ya hukumu, na mwenyewe huvalishwa nguo nyekundu. "Hicho si chako. Hakuna aliyekufa. Haji mzima?"

Rushdi alikumbuka ule mkono kifuani. "Alikuwa akihema."

"Kuhema namna gani?"

"Ameshuka ngazi mbio. Ana moyo, na sukari, na mwaka jana walimtia bomba kwenye mshipa wa moyo."

Sunbati akamfunika miguu kwa ncha ya blanketi. "Mwombee," alisema.

Basi Rushdi Abu Shanab, ambaye kwa miaka thelathini alimtakia Haji Sirgani tauni, mwewe na mvua ya mawe, alikaa kwenye blanketi lile akimwombea afya. Alimwombea moyo, akamwombea sukari, akaliombea bomba lenyewe. Kila hatua ilipopita nje ya mlango alijua ni mtu anakuja kusema Haji amekufa. Mara mbili alikuwa mtu wa chai.

"Ukitoka humu," Tulba alisema ubavuni pake, "hadithi yoyote utakayosimulia, mimi niwe nimelala nyumbani."

"Nikitoka humu sisimulii tena."

"Hata huo ni uongo," alisema Tulba, lakini alimwekea mkono begani.

Asubuhi wakapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, na Rushdi alipoambiwa hivyo kwenye ngazi ilibidi askari amshike kwapa. Mlango ulipofunguliwa kitu cha kwanza alichokiona ni Haji Sirgani, amevaa kanzu mpya, ameketi, mwekundu, mzima kabisa, amenuna. Rushdi alitokwa na machozi.

"Anaigiza," alisema Haji.

Mwendesha mashtaka, Bwana Tamim, hakuwa ametimiza miaka thelathini, na alikuwa na mafua. Mezani pake palikuwa na boksi la karatasi laini, faili, kifuko cha kitambaa kilichofungwa kwa lakiri nyekundu, na tundu la waya, nalo lina lakiri yake na namba. Ndani ya tundu alikuwa Sukkara, kidhibiti namba mbili, akimtazama kila mtu kwa jicho moja moja. Pembeni karani mzee alikuwa akinoa penseli.

"Umesema hapa mlikuwa wanne," alianza Bwana Tamim.

"Nilisema uongo, mheshimiwa."

"Jana mkweli, leo muongo."

"Mimi ni muongo tangu utoto, mheshimiwa. Jana ilikuwa siku kama siku nyingine. Uliza Mahalla yote."

"Kila anayesimama hapo husema jana alidanganya." Akapenga. "Wale wawili ni akina nani?"

"Hawapo."

"Wamekimbilia wapi?"

"Hawajakimbia. Hawajazaliwa."

"Andika," Bwana Tamim alimwambia karani, "anakataa kuwataja wenzake."

Penseli ikakwaruza. Rushdi alihisi kila mkwaruzo kwenye uti wa mgongo. Alimtazama Tulba, ambaye goti lilikuwa likimcheza waziwazi, na hakuna aliyelitazama goti hilo kama ushahidi.

"Sasa sikia," alisema Bwana Tamim. "Haya ni maelezo ya Haji. Anasema walikuwa wanne. Usiku. Wana kisu, na mmoja ana upanga."

"Upanga?" alisema Rushdi.

Haji alitazama dirishani. Mambo yalikuwa hivi: Afisa Wagdi alikuwa amemsomea maneno ya Rushdi, akamuuliza kama ndivyo, na Haji, aliyekuja kulalamikia njiwa, akajiona ghafla ni mtu aliyewatoa mbio majambazi wanne kwa mti wa bendera. Nani angesema sivyo? Alisema ndivyo, na upanga akauongeza mwenyewe.

"Nyinyi ni marafiki?" aliuliza Bwana Tamim.

"Allah apishe mbali," walisema wote wawili pamoja.

"Basi maadui wawili wanaeleza kitu kimoja. Watu wengi, silaha, usiku, kupanda, kutisha. Mzee, unajua hii ni nini? Hii inakwenda mahakama ya jinai. Unajua adhabu yake?"

Rushdi alijaribu kusema anajua. Mbele ya macho yake ulikuwa umesimama mkono wa Sunbati, vidole vyote vitano wima.

Bwana Tamim hakuwa mtu mbaya. Aliinamia tundu, akapiga chafya, Sukkara akaruka upande wa pili. "Jambo moja linanisumbua," alisema. "Majirani wanasema huyu ndege ni wako. Ulimnunua wapi?"

"Sikumnunua, mheshimiwa. Nilimwona akitoka kwenye yai."

"Kwako?"

"Kwangu. Mkononi."

"Na jana alifikaje kwa Haji?"

"Alitua. Juzi."

"Alipotea, basi. Ni mali yako iliyopotea." Bwana Tamim aliweka kalamu chini. Alisema polepole, kama mtu anayemwonyesha mwingine mlango uliofunguliwa kidogo. "Mtu haibi kilicho chake. Kama njiwa ni wako, hapa hakuna wizi wa namna yoyote. Nakuuliza mara moja, karani anaandika. Njiwa ni wa nani?"

Ilikuwa neno moja tu. Rushdi alilihisi limekaa kwenye ulimi, jepesi, tena si uongo kwa watu wa duniani. Blanketi, ndoo, miaka ishirini na mitano, Mama Safwat na soksi yake karibu na jiko: vyote vilingoja neno hilo. Tulba alikuwa akimkodolea macho kumsihi. Lakini Haji naye alikuwa amegeuka kutoka dirishani, anamtazama. Na Rushdi alijua kwamba akilisema, kesho kila aliyepoteza njiwa Mahalla atakwenda na askari kwenye paa la mwenzake, na wale kumi na saba walioko kwake watakuwa wa wizi, na miaka thelathini yote ya bendera na filimbi itakuwa imekwisha, imebaki faili.

Alikuwa akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alishika ukingo wa meza.

"Wa Haji, mheshimiwa," alisema. "Alitua kwake."

Tulba alifumba macho. Bwana Tamim alimtazama Rushdi kama mtu aliyeona mgonjwa anamwaga dawa.

"Andika," alimwambia karani, kwa kuchoka.

"Ngoja," alisema Haji Sirgani.

Alikuwa amesimama. Shingo ilikuwa imemwiva. "Mheshimiwa, andika pia kuwa jua lilikuwa limetoka."

"Umesema usiku."

"Niliulizwa kama ni usiku nikasema ndiyo. Lakini isome vizuri karatasi yako. Nimesema nilikuwa paani napunga bendera, njiwa wangu wako hewani. Imo?"

Bwana Tamim akafunua. "Imo."

"Sasa mimi, Sirgani, nirushe kundi gizani? Mimi mtoto wa jana? Mpaka jua ligonge ncha ya mti wa bendera ndipo nafungua banda. Kuandikwa kuwa nilitishwa na wanne, sawa. Kuandikwa kwenye karatasi ya serikali kuwa narusha njiwa usiku, siwezi kutoka nyumbani tena."

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema karani bila kuinua kichwa. "Gizani hawarushwi. Wanagonga waya."

Bwana Tamim alimgeukia. Ndipo wote walipoona kinyoya kidogo cha kijivu kwenye bega la koti la karani.

Kidole gumba cha Sunbati kikakunjika. Rushdi alikiona.

"Na kichochoro?" aliuliza Bwana Tamim.

"Nikirusha, mlango wangu uko wazi. Hata wewe ungepanda. Huyu kuruka? Huyu akivuka barabara anasimama katikati kupumzika." Haji alimwelekezea Tulba kidevu. "Na huyu nilimwona kutoka juu, yuko chini na bakuli, anakula maharage kwa vidole. Wengine sikuwaona. Na shingo yangu haijaguswa na mtu. Upanga," aliongeza kwa sauti ndogo, "niutoe tu."

Bwana Tamim akavunja lakiri ya kifuko. Kilianguka mezani kisu cha kukunja kilichotolewa mfukoni mwa Rushdi kituoni, urefu wa kidole cha shahada, chenye mpini wa plastiki ya kijani. Alikinusa, mafua na yote.

"Kitunguu," alisema.

"Cha maharage," alisema Tulba. Lilikuwa neno lake la kwanza rasmi.

"Kisu ni kisu. Hiki nitakiandika." Mwendesha mashtaka alijikanda paji la uso. "Tulba, nenda nyumbani. Mzee Rushdi, hili halifiki mahakama ya jinai. Utaachiwa bila kulipa kitu, kwa dhamana ya makazi yako, na nitaona kama linastahili hata hakimu. Huu ni wizi mdogo."

Rushdi alikuwa amejishika meza kwa mikono miwili. "Samahani, mheshimiwa," alisema. "Ungerudia?"

"Wizi mdogo."

"Mdogo," alisema Rushdi. "Mdogo kabisa. Andika hivyo."

Kidhibiti namba mbili kikarudishwa kwa mwenyewe. Haji akalibeba tundu mpaka mtaani, Rushdi na Tulba nyuma yake. Sheria ya mapaani ilikuwa palepale: hapewi mtu, hadaiwi mtu. Lakini usiku ule Mama Safwat alikaa na soksi yake mara ya tatu, na asubuhi, jua lilipogonga ncha ya mti wa bendera kwenye paa la tatu, Haji Sirgani alikuwa na shughuli na kikombe cha chai na tundu lilikuwa halikufungwa vizuri. Sukkara alizunguka mara moja juu ya mtaa, akashuka kwenye banda lake. Njiwa aliyetua kwako ni wako. Siku nne baadaye yai moja lilianguliwa. La pili lilikuwa limeharibika.

Mkahawani walimngoja wiki nzima. Alipokwenda walimpisha kiti cha katikati, wakazima redio.

"Haya, Ami Rushdi. Tuanzie kwenye kichochoro."

Alifungua mdomo. Kwenye meza ya mlangoni, akikoroga chai yake, alikuwa ameketi Afisa Wagdi, bila sare, saa yake kubwa imelala mezani.

"Niliingia kwa mlango," alisema Rushdi. "Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa peke yangu."

Hakuna aliyemwamini. Walitazamana. Mmoja alisema hajawahi kusikia uongo wa kijinga hivyo kutoka kwake, lazima anamficha mtu. Kinyozi alisema ni kweli, yeye mwenyewe aliwaona wawili wageni alfajiri ile, mmoja mrefu, mmoja ana kovu. Mwenye mkahawa alisema wa kovu alinunua sigara kwake.

Wagdi alimaliza chai yake, akaja kuinama karibu na sikio la Rushdi. "Wewe umekwisha, Ami," alisema. "Lakini faili la wale wawili bado liko wazi. Umekataa kuwataja, nimekubali. Wenyewe sijui kama watakubali kuwa hukuwataja."

Usiku huo Mama Safwat alimkuta mumewe juu ya ngazi anatia komeo mlango wa paa, ambao haujawahi kutiwa komeo tangu waoane.

"Unamfungia nani?"

"Wale wawili."

"Si uliwatunga mwenyewe?"

"Ndiyo," alisema Rushdi, na akatia komeo la pili. "Lakini yule wa kovu sikumtunga mimi."